Aliyetoka Gerezani Apewe Jembe

Somo kwa wakatekumeni wa Sake na vijiji vya jirani

Kila mkatekumeni hujifunza matendo ya huruma. Mojawapo ni kuwatembelea wafungwa. Wengi hulijua tendo hilo kwa midomo, na wengine hulitimiza kwa miguu, wakipeleka gerezani ugali na maharagwe. Lakini siku moja mlango wa gereza hufunguka, na mfungwa hurudi kijijini kwake. Je, siku hiyo tendo la huruma limekwisha? La, ndipo sehemu yake iliyo ngumu inapoanza.

Mtu aliyetoka gerezani hawezi kuyajenga upya maisha yake kwa maneno ya upole tu. Yampasa apate kazi ya halali, tena kazi ifanywayo pamoja na wenzake, mbele ya macho ya kijiji. Hilo ndilo fundisho la somo hili.

1. Ni nani hao wanaorudi?

Gereza kuu lililo karibu na Sake ni Munzenze, katika mji wa Goma. Lilijengwa kwa ajili ya watu 350 hivi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waliofungiwa humo walikuwa wamezidi 4,000, na wengi wao walikuwa hawajasimama bado mbele ya hakimu. Mwezi wa Januari mwaka huo vita vilifika Sake, kisha vikaingia Goma. Tarehe 27 Januari wafungwa walitoroka kwa maelfu. Moto ukawaka, na katika sehemu ya wanawake wakafa zaidi ya mia moja, pamoja na watoto.

Kwa hiyo mtu asemapo, "Huyu ametoka gerezani," amesema neno moja, lakini watu wake ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule aliyemaliza kifungo, au aliyefunguliwa kwa sheria. Sheria ya Kongo yaruhusu mfungwa afunguliwe kwa masharti akiisha kutimiza robo ya kifungo chake, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Mtu huyu amekwisha kuadhibiwa. Jirani asimwongezee kifungo kingine kwa ulimi.

Wa pili ni yule aliyekaa gerezani bila kuhukumiwa. Labda alikosa, labda hakukosa, hakuna aliyemsikiliza. Kumwita mwizi ni kumsingizia.

Wa tatu ni yule aliyetoroka na kesi yake haijakwisha. Huyo asifichwe, wala asipigwe. Kesi yake ni ya mahakama. Kazi ya kijiji haifuti hukumu, wala hasira ya kijiji haiwi hukumu. Watu wakusanyikao kwa mawe na tairi kumwua mshukiwa wamevunja amri ya Mungu, hata kama mshukiwa mwenyewe ni mkosaji kweli.

2. Kwa nini kazi?

Mkatekumeni na amfikirie kijana mmoja wa milima ya Masisi, aliyefungwa miaka minne kwa kuiba ng'ombe. Huu ni mfano tu, lakini wazee wataona kwamba mambo yake yanafahamika. Kijana arudipo, shamba lake linalimwa na ndugu yake. Jembe liliuzwa ili kulipa faini. Mkewe amerudi kwa wazazi wake. Akipita njiani, mama wa jirani huwaingiza kuku nyumbani. Akiomba mbegu kwa mkopo, huambiwa arudi kesho; akirudi kesho, huambiwa mbegu zimekwisha.

Juma la kwanza hula kwa mama yake. Juma la pili huona haya, kwa kuwa mama mwenyewe hana kitu. Juma la tatu rafiki wa zamani humwita pembeni. Msituni kuna bunduki, kuna chakula kila siku, na hakuna anayeuliza habari za gereza. Wahenga walisema: mwenye njaa hana miiko. Basi watu wa silaha wamemwita kwa jina lake, na kijiji kimemwita mwizi. Atakwenda wapi?

Hapo yaonekana kwamba kumfukuza hakukiokoi kijiji. Kijiji kimemwondoa mtu aliyekuwa mikono mitupu, na huenda akarudi usiku akiwa na silaha mikononi.

Kazi humpa mtu huyo mambo manne. Kwanza, humpa chakula kisicho cha wizi. Pili, humpa jina jipya: aliyeitwa mwizi huanza kuitwa mwashi au seremala. Tatu, humpa wenzake wapya na siku iliyojaa, maana uvivu na marafiki wabaya hutembea pamoja. Nne, humpa kitu cha kumlipa yule aliyemkosea. Asiye na kazi aweza kuomba msamaha, lakini hawezi kurudisha hata mbuzi mmoja.

3. Mifano ya watu waliofanya hivyo

Kanisa lina mfano wa kale. Mtakatifu Leonardi aliishi katika nchi ya Ufaransa, upande wa Limoges, na sikukuu yake ni tarehe 6 Novemba. Mapokeo yasimulia kwamba wafungwa waliofunguliwa walimjia msituni, wengine wakichukua minyororo yao. Hakuwapa baraka tu na kuwaaga. Aliwagawia sehemu ya msitu waifyeke, wailime, wapate kuishi kwa jasho lao.

Mfano wa pili ni wa siku za karibu. Katika mji wa Los Angeles, nchini Marekani, Padri Gregory Boyle wa Shirika la Yesu aliiongoza parokia maskini, ambamo vijana wa magenge walikuwa wakiuana. Mwaka 1988 yeye na waumini walianza kuwatafutia vijana kazi. Mwaka 1992 wakafungua tanuri la mikate. Humo walifanya kazi vijana waliotoka gerezani, na waliokuwa maadui barabarani wakakanda unga kwenye meza moja. Kutoka katika mwanzo huo lilitokea shirika kubwa liitwalo Homeboy Industries.

Mfano wa tatu watoka nchi jirani ya Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, magereza yalijaa kupita kiasi. Mahakama za Gacaca zilifanya kazi yake kuanzia 2002 hadi 2012. Aliyekiri kosa lake aliweza kutumikia sehemu ya adhabu yake nje ya gereza, kwa kazi za faida ya watu wote, zilizojulikana kwa herufi TIG. Kazi hizo zilianza 2005. Wafungwa walichimba matuta milimani, wakatengeneza barabara, wakawajengea nyumba walionusurika. Tena katika kijiji cha Mbyo, wilaya ya Bugesera, shirika la Kikristo la Prison Fellowship Rwanda liliwakutanisha walionusurika na wafungwa waliofunguliwa. Walijenga nyumba pamoja, na wakaishi humo kama majirani.

Yafaa kutofautisha. TIG ilikuwa adhabu, nayo haikuwa na mshahara. Aliyeimaliza alihitaji bado njia ya kujilisha. Lakini ilionyesha jambo moja: kosa hata likiwa kubwa namna gani, mikono iliyobomoa yaweza kufundishwa kujenga, na aliyekosewa aweza kuona ukuta ukipanda kwa macho yake.

Na Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 26 Desemba 2024, alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, mjini Roma. Katika hati ya kuitangaza Jubilei ya 2025 alikuwa ameziomba serikali ziwaandalie wafungwa njia za kurudi katika jamii.

4. Namna ya kuanza kijijini

Mtu atasema: "Kule kuna fedha. Hapa Sake kuna nini?" Hapa kuna mawe meusi ya volkeno, na nyumba nyingi zilizobomolewa na vita zinazongoja waashi. Kuna chukudu, farasi wa mbao wa nchi hii, zinazoshusha viazi, kabichi na makaa kutoka milimani. Kila moja yahitaji seremala wa kuichonga na kuitengeneza. Kuna mashamba ya maharagwe na mahindi. Kuna cherehani na sabuni kwa akina mama, ambao wakitoka gerezani hubeba aibu kubwa kuliko ya wanaume. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu kumi wenye majembe matano waweza kuanza.

Lakini yapasa kushika kanuni nne.

Kanuni ya kwanza: kikundi kiwe cha mchanganyiko. Mjane ambaye hakuiba kamwe atauliza kwa haki: "Kwa nini mwizi apewe jembe, nami sina?" Swali lake si wivu. Yafaa kikundi kiwe na waliotoka gerezani wachache, pamoja na wajane, wakimbizi waliorudi na vijana maskini. Ndivyo kosa lisivyoonekana kuwa njia ya kupata zawadi. Serikali ya Kongo nayo, ilipounda mwaka 2021 mpango wa kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kawaida, ilitaja katika jina lake lenyewe kuinuliwa kwa jamii.

Kanuni ya pili: kazi iwe kazi ya kweli. Aliyetoka gerezani asitumikishwe bure kwa kisingizio kwamba ana deni kwa watu wote. Anayemlimisha kutwa na kumpa viazi vinne amemfanya mtumwa. Alipwe kama wenzake. Siku ya salongo ashiriki kama kila mtu, si zaidi.

Kanuni ya tatu: hesabu iwe wazi. Kikundi kiweke daftari, na mapato yasomwe kwa sauti mbele ya wote kila juma. Sehemu iwe ya chakula, sehemu iingie katika likelemba. Asipewe peke yake ufunguo wa sanduku katika miezi ya kwanza, naye asione hilo kuwa tusi. Hata aliye mwaminifu hulindwa na hesabu iliyo wazi. Kidogo kidogo aongezewe amana, kadiri anavyoitunza.

Kanuni ya nne: awe na mtu wa kumwongoza. Fundi mmoja mwenye subira, aijuaye kazi, amshike mkono kwa mwaka mzima. Mara nyingi mtu huanguka mwezi wa pili au wa tatu, furaha ya kurudi ikiisha kupoa. Siku asipofika kazini, fundi aende kwake jioni ile ile, asingoje habari za sokoni.

5. Aliyekosewa asisahauliwe

Kuna huruma isiyo ya haki: watu humshangilia mkosaji aliyerudi, na kumwacha aliyeibiwa akae peke yake na hasara yake. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani mwake, aliahidi mara moja kuwarudishia wale aliowapunja, tena kwa kuzidisha. Paulo naye, alipomwombea Onesimo kwa bwana wake, alijitolea kulipa deni lolote lililokuwapo. Basi wazee wapatane na pande zote mbili juu ya malipo: kiasi gani, kwa muda gani, mbele ya mashahidi gani. Malipo madogo yatolewayo kila mwezi hufundisha watu wawili: mmoja hujifunza uaminifu, na mwingine hujifunza tena kusadiki.

Lakini aliyekosewa asilazimishwe kusamehe kwa siku iliyopangwa na wengine. Na mwanamke aliyetendwa jeuri asiwekwe kamwe katika kazi moja na aliyemtenda, wala asiombwe kumwamkia ili wengine waone amani. Amani ya namna hiyo ni ya uongo. Kosa la damu na la kumnajisi mtu ni la mahakama kwanza.

6. Maswali na majibu

Swali: Je, kila aliyetoka gerezani ni mkosaji?
Jibu: Hapana. Wengi hufungwa bila kuhukumiwa. Mkristu hamwiti mtu mkosaji asipokuwa na hakika.

Swali: Kwa nini msamaha wa maneno hautoshi?
Jibu: Kwa sababu njaa na upweke humrudisha mtu katika njia yake ya kwanza. Msamaha wa kweli humpa pia mahali pa kufanya kazi.

Swali: Je, kumpa kazi ni kulifuta kosa lake?
Jibu: Hapana. Kazi humwezesha kulipa. Hukumu ni ya mahakama, na ondoleo la dhambi ni la Mungu.

Swali: Mtu akipewa kazi, akaiba tena, kijiji kifanye nini?
Jibu: Apelekwe mbele ya sheria bila kupigwa, arudishe alichoiba. Na wengine walio waaminifu wasinyimwe kazi kwa sababu yake.

7. Tendo la juma hili

Kila mkatekumeni aulize katika kijiji chake kama yupo mtu aliyerudi kutoka gerezani. Asimwulize habari za kosa lake. Amwulize kazi anayoijua, na chombo anachokosa: jembe, msumeno, mwiko wa kuashia au sindano. Siku ya mafundisho alete jibu, na darasa litazame chombo kipi chaweza kuazimwa, na fundi yupi aweza kuombwa. Jembe lililolala nyumbani bila kazi haliwezi kusema lolote. Likiwekwa mkononi mwa mtu aliyekata tamaa, humwambia kwamba kijiji chamngoja hata siku ya mavuno.