Mashine mpya hospitalini? Uliza kwanza maji na umeme

Serikali ya kaunti inapozindua mashine mpya katika hospitali, wananchi huambiwa kwamba safari za kwenda Nairobi au Eldoret kutafuta matibabu zimekwisha. Ni habari njema. Lakini mashine peke yake si matibabu. Katika makala haya tutajifunza ni vitu gani vinavyoigeuza mashine kuwa matibabu, na ni wakati gani wewe mlipa kodi unaweza kuviulizia kabla pesa hazijatumika.

Hebu tuchukue mfano wa mashine ya kusafisha damu, ambayo hutumiwa na wagonjwa ambao figo zao zimekoma kufanya kazi. Hapa Kenya wengi wao husafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne hivi kila mara. Damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na upande wa pili hupita maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu. Sumu hutoka katika damu na kuchukuliwa na maji hayo.

Kwa kawaida maji hayo hupita kwa kasi ya nusu lita kila dakika. Piga hesabu: kwa dakika 240, mgonjwa mmoja hutumia lita 120. Kituo kinachohudumia wagonjwa 10 kwa siku kinahitaji lita 1,200, kila siku ya kazi.

Tena si maji yoyote. Klorini inayotiwa katika maji ya mfereji hutukinga na kipindupindu tunapoyanywa. Lakini ikipenya utando na kuingia katika damu ya mgonjwa, huvunja chembechembe nyekundu. Ndiyo sababu kituo lazima kiwe na mtambo wake wa kuchuja maji. Mtambo huo nao humwaga sehemu ya maji unayopokea, kwa hivyo yanayohitajika kutoka kwa mfereji ni zaidi ya hizo lita 1,200.

Je, maji yakikatika au stima ikipotea? Mgonjwa aliyekosa zamu yake hubaki na maji na sumu mwilini. Maji hujaa mapafuni akashindwa kupumua. Madini ya potasiamu huongezeka katika damu, na yakizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Kwa mgonjwa huyu, tangi la maji na jenereta ni sehemu ya tiba sawa na dawa.

Funzo la mwaka 2015

Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013. Mnamo Februari 2015, Wizara ya Afya ilitia saini mikataba ya miaka saba ya kukodisha vifaa vya hospitali 98: mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa. Vifaa hivyo vilikuwa vya upasuaji, kusafisha damu, eksirei na vyumba vya wagonjwa mahututi. Gharama iliyotangazwa ilikuwa takriban Sh38 bilioni. Mwanzoni kila kaunti ilikatwa karibu Sh95 milioni kwa mwaka, na kufikia mwaka wa fedha wa 2018/19 makato hayo yalikuwa Sh200 milioni.

Ni kweli kwamba mpango huo uliwafikishia wagonjwa wengi wa figo huduma karibu na kwao. Lakini kamati maalumu ya Seneti iliyotoa ripoti mwaka 2020 ilieleza kwamba katika baadhi ya hospitali vifaa vilikaa bure kwa kukosa umeme, maji, vyumba au wataalamu. Wakati huo kaunti ziliendelea kukatwa pesa zile zile, ziwe na mgonjwa aliyetibiwa au la.

Maswali matano

Kaunti yako inapopanga kununua au kukodisha mashine, uliza:

1. Maji na umeme vitatoka wapi, na vikikatika kuna akiba ya saa ngapi?

2. Nani ataitumia? Kitanda kimoja cha mgonjwa mahututi huhitaji muuguzi usiku na mchana. Ukihesabu zamu na likizo, unahitaji wauguzi wanne au watano kwa kitanda hicho kimoja.

3. Chumba kiko tayari? Chumba cha eksirei lazima kiwe na kuta zinazozuia miale, la sivyo walio nje nao wanapigwa miale bila kujua.

4. Nani ataitengeneza ikiharibika, na kwa muda gani?

5. Vitu vinavyotumika kila siku, kama vichujio, dawa za kupimia na oksijeni, vimetengewa pesa kila mwaka?

Uliza lini?

Maji yakimwagika hayazoleki, na bajeti ikishapitishwa ni vivyo hivyo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Tangazo la kikao likitolewa, hudhuria, au mpelekee mwakilishi wadi wako maswali haya kwa maandishi.

Ikiwa mashine tayari imenunuliwa na haifanyi kazi, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika barua na kuuliza sababu. Ofisi ya umma inapaswa kukujibu katika muda wa siku 21, na saa 48 ikiwa jambo lenyewe linahusu uhai wa mtu.

Kwa mgonjwa wa figo

Mwisho, neno kwa anayetegemea mashine hizi. Ukiambiwa kwamba zamu yako imeahirishwa, usirudi nyumbani kungoja simu. Dai kuelekezwa kituo kingine siku hiyo hiyo. Kabla hujafika huko, punguza maji unayokunywa na chumvi, na ujiepushe na ndizi, parachichi na maji ya machungwa, kwani vina potasiamu nyingi. Ukianza kuhema, kulegea misuli au kuhisi moyo unapiga vibaya, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.