Dondoo muhimu: Kupanga wanyama kwa makundi

Anzia zizini, si kwenye chati ya ukutani. Watoto wa Karatu wanawajua ng'ombe, punda na kuku. Waulize nani ananyonyesha, nani anataga. Hapo mamalia na ndege wameshajitenga.

Kisha tazameni nyayo kwenye tope. Kwato za ng'ombe zimepasuka, sawa na za nyumbu na nyati wa Ngorongoro. Punda ana kwato nzima, kama pundamilia. Kifaru, mwenye vidole vitatu kila mguu, huwekwa kundi la punda, si la ng'ombe.

Utamu uko kwa wanaotatiza. Mbuni haruki, ila ana manyoya kama ya kuku na anataga: ndege. Popo anaruka, ila ananyonyesha: mamalia. Fisi anafanana na mbwa, kumbe kiukoo yuko karibu zaidi na nguchiro na paka. Na pimbi, huyo mdogo kama sungura? Tembo ni jamaa yake. Waache wabishane kwanza, jibu lisubiri.

Rangi na ukubwa hupotosha, usivitumie.

Amfibia wafundishe wakati wa masika: viluwiluwi ndani ya ndoo ya maji ya dimbwi, watazamwe mpaka waote miguu.