HERUFI ZA NAMNA MBILI KATIKA UKURASA MMOJA

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya kati na ya mashariki. Maneno yake mengi asili yake ni Kijerumani, lakini huandikwa kwa herufi za Kiebrania, toka kuume kwenda kushoto; kama vile Kiswahili, lugha ya Kibantu, kilivyoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu.

Mwaka 1968 kamusi ya Kiingereza na Kiyidi ya Uriel Weinreich ilitolewa New York. Katika kitabu cha namna hii herufi za Kilatini na za Kiebrania hukaa pamoja, na fundi wa kuchora herufi za chapa ana kazi ngumu, maana haziumbwi sawasawa. Za Kilatini zina kubwa na ndogo. Za Kiebrania hazina. Katika Kilatini mistari iliyosimama ndiyo minene. Katika Kiebrania ni ile iliyolala. Sababu ni kalamu, kwa kuwa waandishi wa kale waliishika kwa namna mbalimbali. Basi zikipigwa chapa bila kupimwa, sehemu moja ya ukurasa huonekana nyeusi kuliko ya pili, na macho ya msomaji hutaabika.

Je, fundi azigeuze za Kiebrania zifanane na za Kilatini? Hiyo ni hatari. Tazama dalet, yaani d, na resh, yaani r. Dalet ina pembe kali juu upande wa kuume; resh ina mviringo mahali pale pale. Neno mid, maana yake “-liochoka”, huishia kwa dalet. Neno mir, maana yake “sisi”, huishia kwa resh. Fundi akiilainisha pembe ili ipendeze, neno moja hugeuka jingine.

Fundi mwenye busara hupima kwanza. Herufi za Kiebrania huzipa kimo kipitacho herufi ndogo za Kilatini, kisichofikia zile kubwa. Husawazisha unene wa mistari, lakini pembe haziondoi. Tena huacha nafasi chini ya alef, kwa kuwa alama moja hapo huifanya a, na nyingine huifanya o. Ndipo msomaji husoma lugha zote mbili pasipo kukosea.

MASWALI
1. Kiyidi huandikwa kwa herufi gani?
2. Dalet na resh zatofautianaje?
3. Kwa nini fundi huacha nafasi chini ya alef?