SOMO LA JIKONI: NYAMA YA NGURUWE IIVE MPAKA NDANI



Leo tutajifunza kupika nyama ya nguruwe na maharage kwa sufuria ya mvuke. Wengi wetu tunaiita presha kuka. Tumechagua somo hili kwa sababu mbili: kuni na tegu.

Kwanza, kuni. Mji wetu wa Mpanda uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1000. Mahali pa juu namna hii maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa hiyo maharage hukawia kuiva, na kuni zinakwisha. Sufuria ya mvuke hufungwa kabisa. Mvuke hubanwa ndani, joto likapanda mpaka karibu nyuzi 120. Chakula huiva upesi, na miti ya miombo inapona.

Pili, tegu. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu. Akimeza mayai ya tegu, vifuko vyeupe kama punje za mchele huota katika nyama yake. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva, tegu hukua tumboni mwake, na mayai hutoka na choo. Mayai hayo yakiingia mdomoni kwa mikono michafu au maji machafu, vifuko vinaweza kuota katika ubongo wa mtu. Hapo huja kifafa. Kifafa hicho si uchawi, ndugu. Basi tuwe macho na kitimoto kilichoungua nje, kumbe ndani kibichi!

VITU VINAVYOTAKIWA
Nyama kilo 1, maharage nusu kilo, vitunguu 2, nyanya 4, kitunguu saumu, pilipili, bizari nyembamba kidogo, chumvi na limau.

NAMNA YA KUPIKA
1. Loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yake.
2. Kata nyama vipande vikubwa. Ikaange kwa mafuta yake, pamoja na vitunguu, saumu na bizari.
3. Tia maji vikombe 4. Funga mfuniko. Mvuke ukianza kulia, punguza moto. Hesabu dakika 40.
4. Epua. Ngoja mvuke uishe wenyewe, ndipo ufungue. Toa nyama, uinyambue kwa uma.
5. Tia maharage katika mchuzi ule. Maji yayafunike, lakini sufuria isizidi nusu, maana maharage hufanya povu. Funga tena, dakika 20.
6. Mvuke ukiisha, fungua. Rudisha nyama. Sasa tia nyanya, pilipili na chumvi, uchemshe bila kufunga. Mwisho kamulia limau. Vitu vichachu vikitangulia, maharage hayalainiki.

Hivi ndivyo wanavyopenda kula watu wa Meksiko, nyama ya kunyambua na maharage, kwa chapati za mahindi. Sisi tutakula kwa ugali. Maharage na mahindi yenyewe asili yake ni huko Amerika. Wao walipata nguruwe kutoka kwa Wahispania, miaka ya 1500. Wasiokula nguruwe watumie nyama ya ng'ombe. Mapishi ni yale yale.

TAHADHARI
Kabla ya kupika, tazama kama tundu la mvuke liko wazi. Usilazimishe mfuniko. Usiweke jiwe juu yake. Watoto wakae mbali.
Asiye na sufuria hii achemshe katika chungu, muda mrefu zaidi, mpaka nyama inyambuke yenyewe.
Nyama yenye vifuko usinunue. Mwite bwana mifugo. Na tukumbuke: kupika peke yake hakutoshi. Tutumie choo, tunawe mikono kwa sabuni, tufunge nguruwe bandani.

MASWALI
1. Kwa nini maharage hukawia kuiva Mpanda?
2. Mayai ya tegu humfikiaje mtu?
3. Nyanya hutiwa wakati gani? Kwa nini?
4. Nguruwe wa kijijini kwako wanalala wapi?