Pima Kiuno kwa Kamba
Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Anayeshinda ofisini au dukani ameketi, chai ya sukari na mandazi mkononi, huenda asitambue hadi suruali igome kufungika.

Si lazima uwe na mizani. Kata kamba yenye urefu sawa na kimo chako, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni, kati ya ubavu wa chini na nyonga. Toa pumzi kwanza, wala usibane tumbo (wengi hubana!). Ncha zisipokutana, hatari ya kisukari na shinikizo la damu imeongezeka. Fika zahanati iliyo karibu upimwe, hata kama huumwi popote. Kipimo hiki hakiwafai wajawazito.