Safari ya kwanza ng'ambo ya Ruzizi

Kwetu ni Sange, katika bonde la mto Ruzizi, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira. Upande wa magharibi iko milima mirefu ya Kongo. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, iko milima ya Burundi. Kila asubuhi tuliona jua likichomoza juu ya milima ile ya Burundi, lakini mimi sikujua kule kuna nini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nikisoma darasa la tano.

Baba yangu alifanya kazi katika kampuni moja ya kununua mpunga. Mwaka 2013 mavuno yalikuwa mema. Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kapita akawakusanya wafanyakazi wote uwanjani akawaambia: «Kampuni imefurahi. Mtapelekwa Bujumbura kutembea. Mtakwenda Jumamosi, mtalala usiku mmoja, mtarudi Jumapili. Gari, chakula na malazi vitalipwa na kampuni. Mwenye mtoto wa shule aweza kuchukua mtoto mmoja.»

Watu wengine hawakuamini. Walinong'onezana: «Hakuna kitu cha bure. Mwisho wa mwezi tutakatwa mshahara.» Kapita akaapa kwamba hawatakatwa hata faranga moja. Nami nawaambieni leo kwamba alisema kweli, hawakukatwa.

Tulikuwa watu ishirini na sita: wafanyakazi kumi na wanne, watoto kumi na mmoja, na mwalimu wetu, ambaye kampuni ilimwalika atufafanulie mambo ya njiani. Katika wafanyakazi wale alikuwamo mzee mmoja, mlinzi wa ghala. Ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Ujana wake wote alichunga ng'ombe na kuvua samaki kandokando ya Ruzizi, lakini hakupata kuvuka mpaka hata mara moja. Alinunua viatu vipya kwa ajili ya safari ile, akavishika mkononi mpaka alipopanda basi.

Tuliondoka alfajiri. Kabla ya kutoka Sange, dereva akaenda polepole, na watu wote wakanyamaza. Tulikuwa tukipita mahali ambapo tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka. Mafuta yalimwagika, watu wakasogea karibu, wengine na ndoo mkononi, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Mzee alivua kofia yake akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika Runingu. Baada ya hapo watoto tukaanza kuimba.

Tulipita karibu na Kiliba, penye mashamba ya miwa, tukafika Kavimvira, pembeni mwa Uvira. Huko ndiko kwenye mpaka. Mimi nilidhani mpaka ni ukuta mkubwa, au mto. Kumbe ni nguzo iliyolazwa barabarani, na nyumba ndogo ya duane, na watu wengi wenye mizigo: akina mama wenye mabeseni ya ndagala, vijana wa baiskeli, na wabadilishaji wa fedha wenye mafungu ya noti mkononi. Fedha za Kongo huitwa faranga, na za Burundi huitwa faranga vilevile, lakini ukichukua za kwetu ukanunue andazi kule, muuzaji atakutazama tu.

Mwalimu akatueleza habari za hati. Mwaka 1976 nchi tatu, yaani Rwanda, Burundi na Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, zilifanya jumuiya ya uchumi. Kwa Kifaransa jina lake hufupishwa CEPGL. Kwa ajili ya mapatano hayo mtu wa nchi moja aliweza kuingia nchi nyingine kwa hati ndogo, bila pasipoti kubwa. Lakini hati ndogo nayo ni hati. Jina lililo juu yake sharti lilingane na jina lililo katika orodha ya kikundi.

Afisa akaita majina, mmoja mmoja. Tukapita. Alipofika kwa mzee akasimama. Akatazama hati, akatazama orodha, akatazama hati tena. «Mzee, jina lako nani?» Mzee akalitaja. «Hapa kwenye orodha limeandikwa jina lingine.»

Lilikuwa kosa la herufi moja. Karani wa kampuni, alipoandika orodha, aliweka L mahali pa R. Lakini kwa jina la mzee yule herufi moja ilitosha kumfanya mtu mwingine kabisa. Kapita akasihi. Afisa akajibu kwa upole kwamba hawezi kusahihisha orodha ambayo si yake. Iletwe nyingine yenye muhuri wa kampuni. Karani alikuwa amebaki Sange.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kapita akapanda pikipiki kurudi nyuma, na sisi tukakaa kando ya njia. Jua likapanda. Saa nne ikafika, kisha saa tano. Mwalimu alikuwa ametuahidi kwamba siku ile tutaonyeshwa mamba na nyoka katika nyumba ya wanyama ya Bujumbura, na sasa tulijua kwamba nyumba ile itafungwa kabla hatujafika. Watoto wawili wakaanza kulia.

Ndipo mfanyakazi mmoja akasema: «Sisi ishirini na watano tuna haki ya kupita. Tumpe mzee nauli arudi nyumbani. Siku nyingine atakwenda.» Wengine wakaitikia. Mzee mwenyewe akasema: «Nendeni, wanangu. Mimi Burundi nimeiona kwa mbali miaka yote. Haitakimbia.» Aliposema hivyo alikuwa akivua viatu vyake vipya.

Baba akainuka. «Tumetoka Sange ishirini na sita,» akasema. «Tukirudi jioni ya kesho na kuulizwa safari ilikuwaje, nani atajibu kwa ajili ya mzee?» Wakabishana. Mwisho mwalimu akasema wapige kura kwa kuinua mikono. Watoto hatukuulizwa, lakini walipoitwa wanaotaka kuondoka, mimi niliinua mkono wangu. Sitawaficha. Nilitaka kuwaona mamba. Baba aliuona mkono ule asiseme kitu, na mzee aliuona pia.

Wanaotaka kungoja walikuwa wanane, wanaotaka kuondoka sita. Tukangoja.

Kapita akarudi saa saba, mwenye vumbi toka kichwani hata miguuni, na orodha mpya ndani ya shati lake. Afisa akaisoma, akapiga muhuri, akamwambia mzee: «Karibu upite, Baba.» Sote tukapiga makofi, hata wale sita.

Basi tukaingia Burundi. Tukapita Gatumba, na baada ya Gatumba tukafika kwenye daraja kubwa. Chini yake palikuwa na maji mengi, ya rangi ya udongo, yakienda taratibu kati ya matete. Nikauliza: «Mto gani huu?» Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. «Hujaujua? Ni Ruzizi wetu. Maji haya jana yalikuwa yakipita kwetu. Yenyewe hayakuulizwa jina.»

Nilikuwa nimekaa mbali naye kwa aibu. Akanisogezea nafasi karibu na dirisha.

Mji wa Bujumbura ni mkubwa. Zamani, kabla ya uhuru wa Burundi wa mwaka 1962, uliitwa Usumbura, na wazee wa kwetu wangali wakiuita hivyo. Nyumba ya wanyama tuliikuta imefungwa, kama tulivyoogopa. Tukapelekwa ufuoni mwa ziwa Tanganyika. Wenyeji walitusalimu «Amahoro», maana yake ni amani, na mama mmoja muuza samaki alipofahamu tumetoka Kongo akaanza kusema nasi Kiswahili, tena kizuri kuliko changu.

Jioni ile niliona jambo ambalo sikulitazamia. Jua lilikuwa likishuka, nami nikatazama ng'ambo ya maji. Nikaona milima mirefu, mieusi, imepangana kama ukuta, na jua likizama nyuma yake. Nikamwuliza mwalimu: «Nchi gani ile?» Akasema: «Ni Kongo. Ni milima ya Uvira. Ukifuata bonde lile kwenda kaskazini utafika Sange.» Nikaitazama muda mrefu. Nilikuwa nimekaa chini ya milima ile tangu kuzaliwa kwangu, na sikuwa nimeiona kamwe.

Kesho yake, baada ya Misa, tukaenda Mugere, kama kilometa 10 kusini ya mji. Juu ya kilima kinachotazama ziwa liko jiwe kubwa. Juu yake yamechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25 Novemba 1871. Watu wengi hudhani kwamba wasafiri hao wawili walikutana hapo mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, nchi ya Tanzania ya leo, kisha wakaja Mugere pamoja kwa mtumbwi, wakalala.

«Walikuja kutafuta nini?» akauliza mzee.

Mwalimu akajibu: «Walikuja kwa ajili ya Ruzizi.» Sote tukasogea. «Wakati ule wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya chanzo cha mto Nili. Walijua kwamba kaskazini ya ziwa hili kuna mto uitwao Ruzizi. Wakauliza: Je, mto huo unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka kwenda kaskazini, labda ndio Nili wenyewe. Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka kwenye mlango wa mto, wakaona kwa macho yao: maji yanaingia ziwani. Basi Ruzizi si Nili.»

Mzee akatikisa kichwa. «Mwalimu, walitoka Ulaya kwa neno hilo? Mtoto yeyote wa Sange anayetumwa kuteka maji angewaambia.»

«Waliambiwa,» akasema mwalimu. «Miaka 13 kabla yao, mwaka 1858, walikuja Waingereza wengine wawili, Burton na Speke. Walifika Uvira kwa mtumbwi. Watoto wa mtemi wa huko waliwaambia waziwazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Wasafiri wale walitaka kwenda kuuona wenyewe, lakini wapiga makasia wao walikataa kuendelea. Basi huko Ulaya mabishano yakaendelea.»

«Kwa hiyo neno la watu wa Uvira halikutosha.»

«Halikutosha, Mzee.»

Mzee akakaa juu ya jiwe dogo. Nadhani alikuwa akikumbuka jana. Kisha akachukua kijiti, akachora mchangani ziwa Kivu juu, ziwa Tanganyika chini, na mstari kati yake. «Maji hayapandi mlima,» akasema. Mwalimu akaongeza hesabu: ziwa Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,460 hivi, na Tanganyika kwa meta 770 hivi. Ruzizi hushuka karibu meta 700 kati ya Bukavu na ziwani, na kwa nguvu ya mteremko huo mitambo ya umeme imewekwa juu kule, karibu na Bukavu.

Nikauliza: «Na kutoka ziwani, maji yetu huenda wapi?» Mwalimu akakichukua kijiti cha mzee. Akachora mto Lukuga, utokao ziwani karibu na Kalemie. Akauelekeza magharibi mpaka Lualaba, na Lualaba akaupeleka kaskazini, halafu akaupinda kwa mviringo mkubwa mpaka bahari ya Atlantiki. «Lualaba ni mto Kongo wenyewe,» akasema. «Livingstone alifikiri ni Nili. Baada ya kufa kwake Stanley akaufuata, akafika Boma mwaka 1877. Maji ya Sange hufika bahari ileile.» Picha ile ilikuwa ndefu hata ikapita katikati ya miguu yetu, na watoto walirukaruka wasiifute.

Tulirudi jioni. Mpakani afisa alikuwa mwingine. Aliyaita majina yote ishirini na sita, na hapakuwa na shida.

Jumatatu baba alinichukua mpaka ghalani. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, na karibu naye karani, aliyekuja kuomba radhi na kuleta daftari la mishahara. Kumbe hata humo jina la mzee lilikuwa limeandikwa kwa L. Kwa miaka mingi aliweka alama ya kidole chake kando ya jina lisilo lake, kwa kuwa hakujua kusoma. Karani akafuta, akaandika upya kwa wino.

Mzee akaniita. «Wewe mwenye mkono,» akasema, «njoo unisomee.»

Nikalisoma jina lake. Akasema: «Si hivyo. Herufi moja moja.» Nikaweka kidole juu ya kila herufi nikaitaja, na yeye akarudia baada yangu, mpaka mwisho. Kisha akataka tuanze tena.

MAULIZO
Chora njia ya maji toka ziwa Kivu mpaka bahari ya Atlantiki, ukiandika majina ya mito. Kwa nini afisa hakuweza kusahihisha orodha mwenyewe? Watu wa Uvira walisema nini mwaka 1858? Uliza nyumbani jina lako kamili huandikwaje, kisha liandike mara tatu.