Mbegu Zinazosubiri Baridi

SWALI: Naishi Minnesota. Mwezi Mei nilipanda mbegu za Asclepias incarnata, ua la porini linalopendwa na vipepeo na nyuki. Nimemwagilia kila siku, sijaona hata mche mmoja. Je, niliuziwa mbegu mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea mbegu zako ni nzima, kilichokosekana ni baridi. Mmea huu ni wa asili ya huko, na mbegu zake hulala mpaka zipitie majira ya baridi zikiwa na unyevu. Zingeota mara tu zinapodondoka, theluji ingeiua miche. Zilizobaki zichanganye na mchanga wenye unyevu, funga kwenye mfuko, weka ndani ya friji (si kwenye friza) kwa siku 30 hadi 60, ndipo upande. Mimi napendelea njia nyepesi zaidi: mwezi Novemba zitawanye juu ya udongo uliopaliliwa, zikandamize kwa kiganja, kisha uziache.

Chagua penye jua na udongo unaoshika maji. Mwaka wa kwanza huenda usione maua, kwa kuwa mmea unajenga mizizi. Kila mwaka huchelewa kuchipua, hivyo usiung'oe ukidhani umekufa.

Ukishastawi, pindua majani mwezi Julai utafute viwavi wa kipepeo monaki, wenye mistari ya njano, nyeusi na nyeupe. Viwavi hao hutegemea jamii hii ya mimea peke yake, kwa hiyo tafadhali sana, usinyunyize dawa ya wadudu. Na ukikata shina, vaa glavu: utomvu wake mweupe hudhuru macho.